Mwanamke na Mamlaka katika Katuni za Kisiasa: Sarufi, Picha na Mfano wa Manyara

1.0 Utangulizi

Makala haya yanadai kwamba katuni ya kisiasa humrudishia mwanamke mwenye madaraka jinsia ambayo sarufi ya Kiswahili imeiacha kando. Nomino rais, spika na mbunge hazibainishi jinsia, na upatanisho wake ni mmoja: Rais amehutubia. Mchoraji hana uhuru huo. Hana budi kuchora mwili na vazi, na hapo ndipo tathmini inapoingia.

2.0 Vazi na Jina

Vazi si jambo jipya. Wakati Christian Gregory akimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, Oktoba 1968, na kuzipiga vita sketi fupi. Vazi la mwanamke lilikuwa hoja ya kisiasa hata kabla ya mchoraji kushika kalamu.

Jina nalo lina uzito wake. Tangu Samia Suluhu Hassan aapishwe kuwa Rais tarehe 19 Machi 2021, neno Mama limetumika sana badala ya cheo. Mama ni neno la heshima, na pia ni neno la ulezi. Likiandamana na picha ya mwiko au mtoto mgongoni, ulezi huyameza madaraka. Kinyume chake, msemo "Mama anaupiga mwingi" umetoka katika uwanja wa mpira. Humo Mama ni mchezaji, tena hodari.

Tunapendekeza kipimo chepesi: badala ya Mama, wekeni Rais. Kichekesho kikisimama, kinahusu sera; kikianguka, kilihusu uanauke.

3.0 Mfano wa Manyara

Msomaji wa Babati ana taswira nyingine jirani. George Klima, aliyewachunguza Wabarabaig wa Hanang, alieleza baraza la wanawake lenye uwezo wa kumhukumu mwanamume aliyewakosea wanawake na kumtoza faini ya ng'ombe. Hayo ni mamlaka ya kikao, hukumu na adhabu. Picha ya wanawake walioketi pamoja, ambayo kwingineko ingesomwa kuwa ya umbea, hapa yaweza kusomwa kuwa ya mahakama.

4.0 Hitimisho

Basi maana ya katuni hutegemea pia hazina ya taswira aliyo nayo msomaji. Mchambuzi achunguze vazi, jina na hazina hiyo kwa pamoja, kabla ya kuamua nani amedhihakiwa: kiongozi, au mwanamke.