Injini Moja Ikizimika Angani

Watu wengi hudhani ya kuwa eropleni yenye injini mbili haina hatari, kwa sababu moja ikizimika ya pili itaibeba. Neno hilo lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Kwa kuwa watu wa Isiolo na wa sehemu za kaskazini ya Kenya husafiri kwa ndege ndogo za namna hiyo, yafaa jambo hili lieleweke.

Injini moja ikifa, nguvu hupungua nusu. Lakini uwezo wa kupanda juu hupungua kwa sehemu nane katika kumi, au zaidi. Sababu yake ni hii. Tuseme mtu ana shilingi kumi, na chakula chake ni shilingi nne. Akiba yake ni sita. Akipoteza tano, akiba iliyobaki ni shilingi moja tu. Ndege nayo hupanda kwa akiba ya nguvu. Tena Isiolo iko zaidi ya futi 3,000 juu ya bahari, na jua lake ni kali. Hewa ya mahali pa juu penye joto ni nyepesi, hivyo injini na mabawa hupungukiwa na nguvu.

Je, rubani hufanya nini? Injini ikizimika naye hajaiacha ardhi, huondoa nguvu ya zote mbili na kusimama. Akiwa angani, kwanza huizuia ndege isigeuke, kwa kukanyaga pedeli ya usukani wa mkia upande wa injini nzima. Mguu usio na kazi humwonyesha upande wa injini iliyokufa. Pili, hulinda mwendo. Saa ya mwendo ina mstari mwekundu na mstari wa buluu. Chini ya mwekundu usukani hauwezi kuishika ndege, nayo huweza kupinduka. Ule wa buluu ndio mwendo bora wa kupanda kwa injini moja. Tatu, hukunja magurudumu, huhakikisha injini iliyokufa ni ipi, kisha hugeuza mapanga ya rafadha yake yasizuie upepo.

Hapo haraka haina baraka. Tarehe 4 Februari 2015, mjini Taipei, rubani wa ndege ya TransAsia alizima injini nzima badala ya ile iliyoharibika, na watu 43 wakafa.

Wala injini mbili hazioni njia. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya Jeshi la Wanahewa la Kenya iligonga mlima karibu na Marsabit, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 14 walikufa, miongoni mwao wabunge waliokuwa katika safari ya kutafuta amani. Basi rubani akisema, "Leo hatuondoki," msimlaumu.

Abiria naye ana wajibu wake. Afunge mkanda, na mzigo wake aupime kwa haki. Maana kila ratili anayoificha huiba katika ile shilingi moja ya akiba.