KUMLEA YATIMA NI KUHIFADHI HAKI YAKE

Ndugu zetu Waislamu, yatima katika sheria yetu ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Mtume wetu (s.a.w.) alizaliwa yatima, kisha akalelewa na babu yake na baadaye na ami yake, Abu Talib.

Wengi wetu hudhani kwamba kanzu ya Idi na sahani ya pilau zatosha. Hayo ni mema, lakini kafala ni kumlisha yatima, kumtibu, kumsomesha na kumtia adabu mpaka ajitegemee. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 nayo yaitambua kafala.

Surat An-Nisaa, aya ya 6, yaamrisha yatima akabidhiwe mali yake mbele ya mashahidi akishabaleghe na kuonekana ana busara. Mlezi tajiri ajizuie; aliye maskini atumie kwa kadiri ya ada. Aya ya 10 yatuonya kuwa mwenye kuila kwa dhuluma ajilisha moto.

Basi ni ajabu iliyoje mtu kuwachangia mayatima wa mbali msikitini, hali kodi ya nyumba ya marehemu nduguye aila yeye, na wana wa marehemu wafukuzwa shule kwa kukosa karo!

Yatupasa mirathi iandikwe mapema mbele ya Kadhi, na wenye kuchanga waonyeshwe hesabu. Sadaka haifuti dhuluma. Haki na irudi kwa mwenyewe kwanza.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.