Bima kwa Wauza Vinyago na Waandaaji wa Maonesho

Muuza vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, mara nyingi mtaji wake wote umekaa ndani ya banda moja: vinyago vya mpingo, vikapu vya milulu kutoka Iringa, picha za Tingatinga. Mpingo ni mgumu kushika moto, lakini milulu na rangi za picha hazisubiri. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na lile ni jengo la zege. Mwenye banda la mbao ana sababu zaidi ya kukata bima ya moto na mali.

Wengi hujikwaa kwenye thamani. Ili ada iwe ndogo, mtu mwenye mali ya shilingi milioni 10 huandikisha milioni 5. Vikiungua vitu vya milioni 4, anategemea kulipwa milioni 4. Atalipwa milioni 2, kwa sababu mikataba mingi ya mali hufuata uwiano: uliandikisha nusu ya mali, unalipwa nusu ya hasara. Na hapo bado hakijakatwa kile kiasi cha mwanzo ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe.

Tena kampuni haihesabu bei unayomtajia mtalii. Kwa kawaida hulipa gharama ya kuipata upya bidhaa ile. Hapa ndipo wauzaji wa kazi za mikono wanapoumia, maana kinyago hununuliwa kwa mchongaji mkono kwa mkono, bila risiti. Nasisitiza: fungua daftari. Andika tarehe, jina la mchongaji, kimo cha kinyago na bei uliyolipa, kisha mchongaji aweke saini. Piga picha rafu zako kila mwezi, umtumie ndugu yako kwa WhatsApp. Daftari nalo lilale nyumbani, kwani likiungua pamoja na mali halitakusaidia kitu.

Wizi una masharti yake. Bima nyingi za wizi wa dukani hulipa pale mwizi anapovunja mlango, dirisha au paa. Mtu akichukua bangili mezani wakati umegeuka, usitegemee fidia.

Mahali napo huandikwa. Mkataba unaotaja duka la Mwenge haufuati mzigo hadi viwanja vya Sabasaba. Kabla ya kupakia, mwambie wakala akuongezee kwa maandishi uwanja wa maonesho na safari ya kwenda na kurudi. Kwa wauzaji wa Maasai Market ya Nairobi, wanaohama uwanja kulingana na siku, hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza wakala.

Mwandaaji wa maonesho ana mzigo mwingine. Hema likiezuliwa na upepo likamwangukia mgeni, au mtoto akinaswa na waya wa jenereta, yeye ndiye huenda akadaiwa kwanza. Anahitaji bima ya dhima kwa umma, inayolipa madai ya watu waliojeruhiwa au kuharibiwa mali kwa uzembe wake. Bima hiyo si ya kufidia vinyago vilivyonyeshewa mezani. Wauzaji wengi hulipia meza wakidhani wamelipia na ulinzi wa mali zao, na ni haki yao waelezwe ukweli kwenye fomu ya kujiandikisha, kwa herufi zinazosomeka. Aliyekodisha mahema na fundi umeme nao watoe nakala za bima zao kabla nguzo ya kwanza haijasimama.

Ada ilipwe mapema. Kwa sheria za Tanzania, na za Kenya vilevile, kampuni haianzi kukubebea hatari kabla haijapokea ada. Wakala akikuambia "nakukatia leo, utalipa wiki ijayo", bado huna bima. Ukishalipa, hakiki hati yako kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania.

Janga likitokea, toa taarifa polisi upewe RB, yaani namba ya taarifa yako. Kwa moto, omba na ripoti ya Zimamoto. Ijulishe kampuni ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba, na usisafishe banda kabla mtathmini wa hasara hajalikagua. Ukikataliwa fidia, dai sababu kwa maandishi. Barua hiyo, pamoja na picha na daftari, ndivyo vya kupeleka TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.