MASIZI KATIKA VALVU ZA PIKIPIKI

Watoto, mmeona pikipiki nyingi katika mji wa Kisangani. Nyingine huchukua watu, nyingine huleta makaa na mikungu ya ndizi kwa njia ya Bafwasende. Mwenye pikipiki hula kwa pikipiki yake. Lakini siku moja haina nguvu tena ya kupanda na mzigo. Asubuhi huipiga teke mara kumi, haiwaki. Plagi ni mpya, esansi imo. Basi fundi hutazama valvu.

Valvu ni mlango mdogo wa chuma, umbo lake kama uyoga. Moja huingiza hewa na esansi katika silinda, nyingine hutoa moshi. Injini ikizunguka mara 4000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 2000. Nasema injini ya mipigo minne. Ile ya mipigo miwili haina valvu za namna hii.

Esansi isipoungua yote huacha masizi. Oli ikipenya kwenye pete za pistoni zilizolika, nayo huungua na kuacha masizi. Hayo hushikana yakawa magumu kama ukoko wa sufuria. Chembe moja ikikaa kwenye ukingo wa valvu, mlango haufungi, na nguvu ya moto hupotea. Tena liko jambo baya zaidi. Valvu ya moshi huweza kupata joto la digrii 700, nayo hupoa hasa kwa kugusa kiti chake. Isipokigusa, ukingo wake huungua, na valvu haifai tena.

Fundi hungoja injini ipoe. Hufungua kichwa cha silinda, hubana springi, hutoa vile vipande viwili vidogo vinavyoshika valvu. Huvitia ndani ya kopo mara moja, kwa maana vikianguka mchangani atavitafuta mpaka jioni. Kisha huloweka valvu katika mafuta ya taa, mbali na moto, mpaka ukoko ulainike.

Hapa vijana wengi hufanya haraka, wakashika bisibisi. Ni kazi mbaya. Kichwa cha silinda ni cha alumini, chuma laini; na mkwaruzo juu ya kiti cha valvu hupitisha moto sawa na chembe ya masizi. Fundi mzuri hutumia kijiti cha mti mgumu au brashi ya shaba.

Halafu hupaka dawa ya kusagia kidogo kwenye ukingo, akaizungusha valvu huku na huku juu ya kiti chake, mpaka duara la kijivu lionekane pande zote. Huosha dawa yote, maana ikibaki itasaga injini nzima. Akiisha kurudisha springi, humimina mafuta ya taa katika tundu la hewa, kisha katika tundu la moshi, akangoja. Likipenya tone moja, husaga tena.

Kabla ya kufunga, hutazama chujio la hewa. Vumbi jekundu la njia zetu hulijaza. Hewa ikipungua, esansi huzidi, na masizi yataanza upya siku ile ile.

Maulizo
1. Kwa nini valvu ya moshi huungua isipogusa kiti chake?
2. Bisibisi huharibu nini?
3. Injini ikizunguka mara 4000 kwa dakika, valvu moja hufunguka mara ngapi kwa saa?