Kabla ya vuli: linda nyumba yako Mwanza

Bima ya moto peke yake haitoshi. Kabla ya kulipa ada, soma mkataba: je, mafuriko na dhoruba vimetajwa? Vyombo vya ndani vimo, au ni jengo tu? Hapo ndipo wengi huumia. Hakikisha wakala ana leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), kisha piga picha kila chumba.

Zibua mtaro kabla ya Oktoba, hasa ukiishi Mabatini au kando ya Mto Mirongo. Kagua misumari ya bati.

Ufukweni, sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka Ziwa Victoria. Mwaka 2020 ziwa lilifikia kimo kisichoonekana tangu 1964. Tafadhali, usinunue kiwanja huko.