Dondoo muhimu: Dungu la kulindia shamba

Mahindi yakianza kubeba, nguruwe mwitu hawangoji mwaliko. Jenga dungu mapema, pembeni mwa shamba, upande ambao upepo unatoka shambani kuja kwako. Nguruwe haoni sana, lakini pua yake haidanganyiki.

Nguzo ndizo roho ya kazi. Tafuta miti minne ya mkaratusi iliyokauka, minene inchi 4 au zaidi, uichimbie futi 2 ardhini. Sehemu itakayofukiwa ibabue motoni mpaka iwe nyeusi, au ipake oili chafu. Mchwa hula kimyakimya. Kisha funga mti wa mshazari kila upande. Wengi huuruka huu, ndiyo maana madungu mengi hupepesuka kama mlevi mtu akipanda. Boriti za sakafu zishike kwa bolti, maana misumari hulegea.

Sakafu ikae futi 6 juu, yenye ukingo pande zote: mlinzi husinzia, tusidanganyane. Panda ngazi mikono mitupu, tochi na panga uvivute baadaye kwa kamba. Moto uwashe mbali na makuti ya paa.

Penye njia ya tembo usijenge kabisa.