Mkanda wa Taimingi: Lini Ubadilishwe katika Gari Lililotumika?

Injini ya pistoni ina mihimili miwili ambayo haina budi kwenda kwa mapatano. Wa kwanza ni ule wa chini, uitwao na mafundi krenkishafti, ambao huzungushwa na pistoni na kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Wa pili ni kemushafti, ambayo hufungua valvu za kuingizia hewa na zile za kutolea moshi. Katika injini ya mipigo minne, krenkishafti ikizunguka mara mbili kemushafti yapasa izunguke mara moja, si zaidi wala si pungufu. Katika magari mengi yapitayo kati ya Tanga, Muheza, Pangani na Korogwe, mapatano hayo hushikwa na mkanda mmoja wa mpira wenye meno, uliofichwa nyuma ya kifuniko mbele ya injini. Mkanda huo haupigi kelele unapochakaa, hautoi moshi, wala haupunguzi nguvu za gari. Hufanya kazi yake sawasawa mpaka dakika ile unapokatika.

Ndiyo maana mtu anunuapo gari lililokwisha kutumika hukutana na swali lisilo na jibu la mkato: je, mkanda uliomo ubadilishwe sasa, au uachwe uendelee?

Swali hili halikuwasumbua mafundi wa zamani wa mkoa huu. Land Rover za Series II na Peugeot 404, zilizojulikana sana Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1960, ziliunganisha mihimili yake kwa mnyororo wa chuma uliolowa oili. Mkanda wenye meno ulibuniwa Marekani katika miaka ya 1940, na kazi yake ya kwanza ilikuwa katika cherehani, ili sindano ya juu na kibobini cha chini visipishane. Mwaka 1962 kiwanda kidogo cha Ujerumani, Glas, kilianza kuuza gari lenye mkanda wa namna hiyo, na baadaye viwanda vya Italia na Japani vikafuata. Mkanda ni mwepesi, hauna kelele, hauhitaji oili, na bei yake ni ndogo. Udhaifu wake ni mmoja: una umri.

Kazi ya mkanda kwa hesabu

Ndani ya mkanda kuna nyuzi nyembamba za kioo zilizosokotwa, na hizo ndizo zinazobeba mvuto. Mpira huzizunguka na kufanya meno, na kitambaa kigumu hufunika meno hayo yasiliwe na makapi ya chuma. Kila mara mkanda upitapo kwenye kapi, nyuzi hizo hukunjwa na kukunjuliwa, na kila jino husukumwa upande.

Ichukuliwe, kwa mfano, basi dogo la abiria liendalo Lushoto kwa mwendo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika. Kilomita 100,000 zitachukua saa 2,000, yaani dakika 120,000. Krenkishafti itakuwa imezunguka mara milioni 300. Kama kapi la chini lina meno 24 na mkanda una meno 120, mkanda hukamilisha duru moja kwa kila mizunguko mitano ya krenkishafti. Basi kila jino la mkanda limepita kwenye kapi hilo mara milioni 60.

Sasa ichukuliwe daladala ifanyayo kazi kati ya Kange, katikati ya mji na Pongwe. Husimama kila kituo, na injini huachwa ikinguruma huku kondakta akiita abiria. Mwendo wake wa wastani, pamoja na kusimama, hauzidi sana kilomita 20 kwa saa. Kilomita 100,000 zilezile humchukua saa 5,000. Hata kama injini yake huzunguka kwa wastani mara 1,500 tu kwa dakika, jumla ni mizunguko milioni 450. Magari mawili yana hesabu moja ya kilomita kwenye dashibodi, lakini mkanda wa daladala umefanya kazi mara moja na nusu ya ule mwingine, na umekaa katika joto la injini kwa saa mara mbili na nusu. Kilomita huhesabu safari ya magurudumu. Mkanda haujui magurudumu, unajua injini.

Watengenezaji wa magari ya Kijapani kwa kawaida huagiza mkanda ubadilishwe kila kilomita 100,000, na kwa injini nyingine 150,000. Ni maagizo mema, lakini hudhani matumizi ya kawaida. Kwa gari la mjini lenye kusimama sana, kupunguza theluthi moja ya kilomita hizo si woga, ni hesabu iliyoonyeshwa hapo juu.

Umri na joto la pwani

Saa ya pili ni miaka. Mpira huungana polepole na oksijeni ya hewa, ukawa mgumu na kupoteza mnyumbuko wake, hata gari likiwa limeegeshwa. Mwanafunzi wa kemia anaijua kanuni ya makadirio isemayo kwamba kasi ya mmenyuko mwingi wa kikemia huongezeka kiasi cha mara mbili kwa kila nyuzi 10 za joto. Wastani wa joto la mwaka mjini Tokyo ni takriban nyuzi 16 za Selsiasi, na mjini Tanga ni takriban 26. Hivyo gari lilalo nje Chumbageni huzeesha mpira wake kwa kasi ya karibu mara mbili ya gari lilalo nje Tokyo. Injini inapofanya kazi tofauti hiyo hupungua, kwa kuwa joto la injini lenyewe, linaloongozwa na kidhibiti cha maji ya rejeta, ni karibu sawa mahali pote. Lakini gari la mtu binafsi huegeshwa saa nyingi kuliko linavyotembea.

Watengenezaji wengi wameweka pia kikomo cha miaka, kati ya 5 na 10. Katika ukanda wa pwani ni busara kushika upande wa chini wa kikomo hicho. Mtu asijivunie gari la mjane wa Yokohama lililotembea kilomita 40,000 tu katika miaka 18. Kwa mkanda, gari hilo ni kongwe.

Adui wa tatu ni oili. Sili za krenkishafti na kemushafti zikivuja, oili hudondokea mkanda, mpira huvimba na meno hulegea. Mkanda ulioloa oili hubadilishwa siku hiyohiyo, hata kama ulifungwa mwezi uliopita, na sili iliyovuja hubadilishwa kwanza.

Ukikatika, ni nini hutokea?

Jibu hutegemea umbo la injini. Katika injini nyingine, valvu iliyo wazi kabisa na pistoni iliyofika juu kabisa haziwezi kugusana. Baadhi ya injini za petroli za Toyota za miaka ya 1990, kama 3S-FE na 7A-FE, ni za namna hii. Mkanda ukikatika injini huzimika tu, gari huvutwa hadi gereji, mkanda mpya hufungwa, na safari huendelea. Katika injini za namna ya pili, pistoni hupanda na kuzikuta valvu zimeduwaa njiani. Valvu hupinda, na pengine pistoni hutoboka au silinda hedi hupasuka.

Injini za dizeli zenye mkanda ni za namna ya pili, na mwanafunzi anaweza kujithibitishia bila kufungua hata bolti moja. Injini ya Toyota 1HZ, iliyomo katika Land Cruiser nyingi za hospitali na za serikali na katika mabasi mengi ya Coaster, ina silinda sita, kila moja yenye kipenyo cha milimita 94 na mwendo wa pistoni wa milimita 100. Uwiano wake wa mgandamizo ni 22.4 kwa 1. Eneo la pistoni ni sentimita za mraba 69.4, na ujazo wa mwendo ni sentimita za ujazo 694. Nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni 694 ikigawanywa kwa 21.4, yaani sentimita za ujazo 32.4 hivi. Nafasi hiyo yote ingetandazwa juu ya pistoni, kina chake kingekuwa milimita 4.7 tu. Na haikutandazwa, kwa sababu sehemu yake kubwa imo katika chumba kidogo cha pembeni ambamo dizeli huanza kuwaka. Valvu za injini za ukubwa huu huteremka milimita 7 hadi 10. Hakuna mahali pa kupitia.

Hasara ya chuma si yote. Injini ikizimika ghafla, usukani na breki huwa vizito, kwani nguvu inayomsaidia dereva hutoka kwenye injini. Katika tambarare ya Segera jambo hilo ni usumbufu. Katika kona za mlima kati ya Mombo na Lushoto, basi likiwa limejaa, ni jambo jingine kabisa.

Wapo pia wasiohusika na mjadala huu. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika IST na Vitz nyingi, ina mnyororo, na huhitaji zaidi oili safi kwa wakati wake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwenye gari ni kusoma jina la injini kwenye kibati chake, herufi zote, maana herufi moja huweza kubadili hukumu.

Ushahidi na udhaifu wake

Magari ya dizeli ya Toyota kama Hiace na Coaster huwa na taa kwenye dashibodi iliyoandikwa T-BELT, ambayo huwaka kilomita zilizopangwa zikitimia. Wengi huamini kwamba taa hiyo huupima mkanda. Haiupimi. Huhesabu kilomita tu, na fundi huweza kuizima kwa kugeuza skrubu au swichi ndogo bila kuugusa mkanda. Taa iliyozimika haithibitishi kitu. Wala mita ya kilomita haithibitishi mengi, kwani mita hurudishwa nyuma, au dashibodi nzima hubadilishwa.

Kuuangalia mkanda kwa macho kuna faida ya upande mmoja. Ukionekana una nyufa, nyuzi zilizochomoza, jino lililong'oka au oili, hukumu imekwisha tolewa. Usipoonyesha dalili hizo, hakuna lililothibitika, maana mipira ya kisasa mara nyingi hubaki na sura njema mpaka karibu na mwisho wake.

Ushahidi wenye thamani ni kibandiko kidogo ambacho mafundi wa Japani huacha kwenye kifuniko cha injini au kando ya mlango, chenye tarehe na kilomita za siku mkanda ulipofungwa. Mwaka huandikwa mara nyingi kwa hesabu ya enzi za Kijapani. Kwa enzi ya Heisei huongezwa 1988, na kwa Reiwa huongezwa 2018. Kibandiko kisemacho mwaka wa 17 wa Heisei kina maana ya 2005, wala hakipaswi kusomwa 2017, kosa ambalo lingeufanya mkanda uonekane kijana kwa miaka 12.

Kupima hasara mbili

Ichukuliwe kwamba mkanda mpya, pamoja na ujira wa fundi, hugharimu kiasi G, nao hutumika miaka 8. Anayeahirisha kwa mwaka mmoja huokoa sehemu moja ya nane ya G. Ichukuliwe pia kwamba injini ni ya dizeli, na matengenezo baada ya mkanda kukatika yatagharimu 12G. Kuahirisha kuna faida ikiwa tu uwezekano wa kukatika katika mwaka huo, ukizidishwa kwa 12G, ni mdogo kuliko G gawanya kwa 8. Uwezekano huo lazima uwe chini ya 1 katika 96. Mwenye gari lisilo na kumbukumbu hawezi kudai uhakika wa namna hiyo. Kwake yeye mkanda uhesabiwe kuwa umekwisha, na ubadilishwe kabla gari halijaanza kazi.

Kwa injini isiyogonga valvu, tuseme hasara ni kuvutwa na siku moja bila kazi, yaani nusu ya G. Hesabu ileile hutoa uwezekano wa 1 katika 4. Mwenye gari hilo anaweza kusubiri mshahara wa mwisho wa mwezi, mradi asipande Lushoto.

Kazi yenyewe ifanywe mara moja kwa ukamilifu. Beringi ya tenshena, ile inayoukaza mkanda, hubadilishwa pamoja nao, kwani ikikwama hukata mkanda mpya kwa dakika chache. Pampu ya maji nayo hubadilishwa ikiwa huzungushwa na mkanda huohuo, kama ilivyo katika 3S-FE na katika Subaru nyingi. Alama za makapi zikishalingana, krenkishafti huzungushwa kwa mkono duru mbili kamili na alama hutazamwa tena, ndipo injini iwashwe. Kisha fundi aandike tarehe na kilomita kwa rangi isiyofutika juu ya kifuniko.

Mkanda wa zamani usitupwe. Mwalimu wa fizikia aweza kuuomba gerejini pamoja na kapi moja bovu, wanafunzi wakahesabu meno, wakakata kipande kwa kisu kuziona nyuzi za kioo, na wakarudia hesabu ya mizunguko kwa gari la shule yao wenyewe.